Kosa Linalorudi Palepale

Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 2003, mgombea mmoja huko Schaerbeek, Brussels, alihesabiwa kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko alizoweza kupata. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12: dalili kwamba biti moja tu katika kumbukumbu ya kompyuta ya kuhesabia kura ilikuwa imegeuka. Wakaguzi hawakuona hitilafu katika programu, na lawama zikaelekezwa angani.

Lawama hizo zina msingi. Protoni kutoka anga za mbali hugonga atomi za hewa na kuzaa nyutroni zinazofika hadi ardhini. Nyutroni moja ikipiga kiini cha silikoni ndani ya chipu, hutoa chembe zinazoweza kuvuruga ile chaji ndogo inayotunza biti: sifuri ikawa moja. Chipu haiharibiki. Ukiandika data upya mahali palepale, kosa limekwisha.

Lakini je, hicho ndicho chanzo kikuu cha makosa ya kumbukumbu?

Jibu makini limetoka Toronto. Mwaka 2009, Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na watafiti wawili wa Google walichapisha uchunguzi wa seva za kampuni hiyo uliochukua miaka miwili na nusu. Karibu theluthi moja ya mashine hizo zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu kwa mwaka, kiwango kilichozidi mno makadirio ya awali. Mwaka 2012, pamoja na Andy Hwang na Ioan Stefanovici, Schroeder alichambua pia rekodi za kompyuta kubwa, zikiwemo za kituo cha SciNet cha chuo hichohicho.

Hoja yao inapendeza kwa wepesi wake. Chembe ya angani hupiga popote, kwa hiyo ni nadra mno irudie seli ileile. Rekodi zilionyesha kinyume: makosa mengi yalijirudia kwenye anwani ileile, safu ileile. Huo ni ubovu wa chipu.

Seva hujikinga kwa kuongeza biti 8 kwa kila biti 64, hivyo kosa la biti moja husahihishwa lenyewe. Timu ya Toronto ilionyesha pia kwamba mfumo endeshi ukiacha kutumia sehemu zilizokwisha kukosea, makosa mengi yanaepukika. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina kinga hiyo ya biti za ziada; zikigandaganda, inafaa kupima kumbukumbu kwanza.