Mtoto wa watu na mlinzi wake

Kipande bora cha filamu ya Man on Fire kina mlio wa bastola, lakini bastola yenyewe ni ya mwamuzi wa mashindano ya kuogelea. Pita Ramos, binti wa miaka tisa, ana mikono mizuri majini. Tatizo lake ni ule mlio wa kuanzia. Ukilia anashtuka, na wenzake wanakuwa wameshajitupa yeye bado yuko ukingoni. Anayegundua kasoro hiyo ni mlinzi wake, John Creasy, mlevi aliyemaliza ujana wake akiua watu kwa niaba ya serikali ya Marekani. Creasy hamwambii mtoto ajikaze wala asiogope. Anamsimamisha ukingoni na kumrusha tena na tena, siku baada ya siku, mpaka mlio ule uwe kwake ruhusa ya kuondoka. Kwa Creasy hakuna watu wagumu na watu walaini. Kuna waliofunzwa na wasiofunzwa.

Ni kipande cha dakika chache na hakuna anayekisimulia. Waulize waliokulia kwenye vibandaumiza, vile vibanda vya video vya Manzese au Buguruni, wanakumbuka nini katika filamu hiyo, watakutajia vidole vinavyokatwa kimoja kimoja mikono ikiwa imefungwa kwenye usukani wa gari. Filamu za kisasi zilipendwa sana huku kwetu, hasa zikipata msimulizi wa Kiswahili juu yake, marehemu Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, anayempa muuaji maneno ambayo mwandishi wa Hollywood hakuyaota. Kibanda hulipuka pale adui anapokamatwa. Wakati wa mazoezi ya kuogelea watu hutoka nje kununua karanga.

Mimi nadhani wanatoka wakati usiofaa, kwa sababu ubaba wote wa Creasy uko pale bwawani. Kinachofuata ni kazi aliyokuwa akiijua tangu zamani.

Tony Scott aliiongoza filamu hiyo mwaka 2004, Denzel Washington akiwa Creasy na Dakota Fanning akiwa Pita. Hadithi iko Mexico City, jiji ambalo wakati huo matajiri wake waliishi kwa hofu ya watoto wao kutekwa. Baba mzazi wa Pita, Samuel, anahitaji mlinzi kwa sababu ya karatasi tu: bima ya utekaji haihuishwi bila mlinzi nyumbani. Hana fedha za mlinzi wa maana, kwa hiyo anachukua wa bei nafuu, mlevi, na kumwonya asimwambie mtu udhaifu huo, hata mke wa Samuel. Baadaye tunajua Samuel mwenyewe aliingia katika mpango wa mwanawe kutekwa kwa mapatano, ili bima ilipe na madeni yaishe. Mpango ukawaponyoka. Basi katika nyumba ile ya kifahari, aliyemzaa mtoto amemfanya dhamana ya mkopo, na aliyeajiriwa ndiye anayejua mtoto anachelewa sekunde ngapi kuruka majini.

Scott hakuufanya ubaba huo wa Creasy utokee kwa urahisi, na hapo ndipo namsifu. Creasy anaanza kwa kumkataa mtoto. Maswali yake hayataki, urafiki hautaki, anamwambia waziwazi kwamba hakulipwa ili awe rafiki. Usiku mmoja anajielekezea bastola kichwani na risasi inagoma kutoka. Pita hajui habari hiyo, ila anaona mtu mwenye huzuni na anampa mwanasesere wake dubu jina la Creasy. Ukitazama vizuri, mtoto ndiye aliyeanza kulea. Mzee alikuja kuponywa kwanza, ndipo akapata cha kumfundisha mtu.

Chanzo cha hadithi hii ni riwaya ya mwaka 1980 ya A. J. Quinnell, jina la kalamu la Mwingereza Philip Nicholson. Riwaya iko Italia, na kwa sababu nzuri: miaka ya 1970 Italia ndiyo iliyokuwa na biashara ya kuteka watu. Mjukuu wa bilionea wa mafuta Getty alitekwa Roma mwaka 1973 akiwa na miaka 16, na watekaji wakakata sikio lake na kulituma kwa gazeti ili babu alegee. Wabunge wa Italia walikuja kujibu kwa sheria ya mwaka 1991 iliyozuia mali za familia ya aliyetekwa ili fidia isilipike. Sheria kali hiyo, na ya kumuumiza mzazi yeyote, lakini biashara ilipungua. Hakuna filamu itakayotengenezwa kuhusu benki kufunga akaunti.

Katika riwaya, mtoto anakufa. Creasy anaua wote waliohusika na yeye mwenyewe anabaki hai. Scott aligeuza: Pita yuko hai, Creasy anajitoa kwa watekaji darajani ili mtoto avuke kwenda kwa mama yake, naye anafia mikononi mwao. Wako wanaosema Hollywood ilipaka sukari, kwa vile watazamaji hawapendi mtoto afe. Mimi naona mgeuzo huo ulimsuta Creasy kuliko riwaya ilivyofanya. Amekata vidole, amelipua watu, amechoma nyumba ya starehe, yote hayo akiamini mtoto ameshakufa. Kumbe yuko hai, na kinachomrudisha ni kubadilishana, mwili kwa mwili. Kile kisasi chote tulichokishangilia hakikuwa cha Pita. Kilikuwa cha Creasy.

Mtu anayejichukulia sheria mkononi anahitaji ruhusa, na hakuna ruhusa kubwa kuliko mtoto aliye hatarini. Mwoneshe mtazamaji binti mdogo mwenye tabasamu, kisha mwondoe, na kuanzia hapo shujaa wako anaweza kufanya lolote. Hakuna atakayeuliza kuhusu mahakama.

Aliyeliona hilo mapema ni Martin Scorsese, katika Taxi Driver ya mwaka 1976, filamu iliyopata Palme d'Or mjini Cannes. Travis Bickle, dereva wa teksi New York asiyepata usingizi, anakutana na Iris, msichana wa miaka 12 anayeuzwa mwili mitaani. Anamnunulia kifungua kinywa, anamsihi arudi kwao. Mazungumzo yale ni ya baba hasa, hata namna anavyokasirika mtoto anapomcheka. Lakini watu husahau mpangilio wa mambo. Bunduki Travis alizinunua kwanza. Akanyoa kichwa, akaenda kwenye mkutano wa siasa kumwua mgombea, walinzi wakamshtukia akakimbia. Ndipo akaenda kwa akina Iris kumwaga damu. Kama yule mgombea angepatikana, Iris angebaki palepale alipo. Mwishoni magazeti yanamwita shujaa, na wazazi wa msichana wanamwandikia barua ya shukrani. Scorsese anatuacha tukiijua siri ambayo wazazi wale hawaijui.

Batman wa katuni naye tumtazame, kwa kuwa ndiye mkongwe wa hawa wanaojichukulia sheria mkononi. Kijana msaidizi wake huitwa Robin. Robin wa kwanza, Dick Grayson, yatima wa sarakasi, aliletwa mwaka 1940, na sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi: Batman alihitaji mtu wa kuongea naye. Robin wa pili ndiye anayenigusa zaidi. Anaitwa Jason Todd. Katika toleo la hadithi yake la mwaka 1987, Batman anarudi kwenye gari lake uchochoroni na kukuta matairi yamefunguliwa. Mwizi ni mtoto wa mtaani asiye na baba wala mama wa kumtazama. Batman, ambaye angeweza kumvunja mifupa, anamchukua nyumbani.

Kumpeleka shule tu kungetosha. Batman akamvisha sare na kumpeleka vitani. Wasomaji hawakumpenda kijana, wakasema ana kiburi na hasira, na mwaka 1988 kampuni ya katuni ya DC ikafanya jambo ambalo hata leo linashangaza: ikaweka namba mbili za simu, moja ya kumwokoa Jason na nyingine ya kumwua, senti 50 kwa kila simu. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Waliotaka aishi 5,271. Tofauti ya kura 72. Akapigwa kwa mtarimbo na Joker, adui wa Batman, kisha bomu likamaliza kazi, na mahali alipofia pamewekwa kwetu huku, Ethiopia, kwenye ghala la misaada ya njaa. Alikuwa amekuja kumtafuta mama yake mzazi.

Denzel alirudia nafasi ya mlezi wa mtoto wa watu alipokuwa mtu mzima zaidi, katika The Equalizer 2 ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Antoine Fuqua. Robert McCall, jasusi wa zamani anayeendesha gari la abiria Boston, anaishi jengo moja na Miles, kijana mwenye kipaji cha kuchora anayevutwa na genge. McCall anampa kazi ya kupaka rangi ukuta uliochafuliwa. Ujira upo, na masharti yapo: aje kwa wakati, amalize alichoanza. Anamkabidhi kitabu cha Ta-Nehisi Coates, Between the World and Me, ambacho chenyewe ni barua ya baba kwa mwanawe. Kisha anamfuata kwenye chumba cha lile genge, anamtoa kwa nguvu, na hasira anayomwonesha koridoni nje ni hasira ninayoifahamu kwa wajomba na baba wadogo wengi, ile inayotetemeka kwa sababu imechelewa kidogo tu. Ukuta ule na rangi ile ndiyo bwawa la Creasy lililorudi. Na filamu haifichi gharama: maadui wa McCall wanapokuja kumtafuta, wanamkamata Miles. Kijana aliyeponyoka genge anaishia kwenye buti la gari kwa sababu ya aliyemwokoa. (Fanning naye alirudi kwa Denzel mwaka 2023 katika sehemu ya tatu, sasa akiwa ofisa wa CIA, na wamekutana Italia, nchi ambayo Quinnell alimpeleka Creasy tangu mwanzo.)

Haya ni ya sinema na magazeti ya katuni. Huku kwetu wenye kujichukulia sheria mkononi tunawajua kwa sura, na uhusiano wao na watoto wa watu ni mwingine.

Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na pinde na mishale dhidi ya wezi wa ng'ombe, walikuwa na ukatili wao. Wapo vikongwe walioteswa kwa tuhuma za uchawi. Ila silaha yao iliyoogopwa kuliko nyingine ilikuwa kumtenga mtu. Mkosaji hakuuziwa chumvi, hakuchotewa maji, hakusalimiwa, mpaka alipe faini na kujirudi. Adhabu ya namna hiyo inawezekana tu mahali ambapo kijana aliyekamatwa ana baba anayejulikana, na baba huyo kesho mtakutana kisimani.

Mjini kisima hicho hakipo. Januari 2015 jioni moja Dar es Salaam ilifunga maduka na kukimbia kwa sababu ya vijana walioitwa Panya Road, na baadhi yao walikuwa na umri wa kukaa darasani. Hofu ilikuwa ya kweli, walioibiwa na kukatwa mapanga walikuwa wa kweli. Lakini niliona jinsi watu wazima walivyoanza kuzungumza juu ya watoto hao kama kitu cha kunyunyiziwa dawa, na jina walilopewa lilirahisisha.

Nairobi jambo hili lilipata sauti ya ajabu zaidi. Katika mitaa ya Eastlands, ikiwemo Kayole na Dandora, zilitokea kurasa za Facebook kwa jina la Hessy. Picha ya kijana ilibandikwa pamoja na onyo: tunakujua, acha, rudi nyumbani, mkumbuke mama yako. Wakazi wengi waliamini nyuma ya jina hilo wako polisi wasiovaa sare. Siku nyingine ikafuata picha ya kijana yuleyule akiwa amelala chini amekufa, na chini yake pongezi za majirani. Maneno ya onyo lile ni ya mzazi mkali, kabisa. Ungeyasikia sebuleni usingeshangaa. Lakini hakuna ukuta wa kupaka rangi uliotolewa pamoja nayo, wala ada ya ufundi, wala hata mlango wa kubisha kusema nimeacha.

Turudi kwa Jason Todd na matairi yake. Kijana wa umri ule akikamatwa Kariakoo na kioo cha pembeni cha gari la mtu, hakuna anayepata muda wa kuuliza anaishi na nani. Anaanza mmoja kupiga ukelele wa mwizi, wanafuata waliokuwa wakipita, na kila mmoja anapiga kwa ajili ya kitu alichoibiwa yeye mwaka juzi, kama Creasy. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu vifo hivi katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Sisi wa magazeti tunaviandika kwa aya mbili, tukiwataja waliofanya kuwa ni wananchi wenye hasira kali. Jina la kijana huwa halijapatikana hadi tunakwenda mitamboni, na umri wake tunaukadiria, kati ya miaka 18 na 20, hata pale mashahidi waliposema alikuwa mdogo zaidi.