Hofu ya mtoto kwa daktari wa meno nayo yahitaji tiba

Imekuwa desturi yetu sisi wazazi kumtisha mtoto mtundu kwamba atapelekwa kwa daktari adungwe sindano. Jino linapooza na safari ya kweli ikawadia, twashangaa mtoto yuyo huyo anapolia na kurusha mateke. Aghalabu hushikwa kwa nguvu, huyu miguu, yule kichwa, jino likang'olewa, na watu wazima wakatoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Yamkini mtoto huyo atakuwa mtu mzima anayemeza vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi, hadi jino ambalo lingezibwa halina budi kung'olewa.

Nchini India, lilikochimbuka somo la yoga, madaktari wa meno ya watoto wamejaribu kuikabili hofu hii kwa mazoezi ya kupumua. Mojawapo ni Bhramari, jina litokanalo na neno la Kisanskriti lenye maana ya nyuki, nalo limeelezwa katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15. Mtoto huketi wima, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, kisha akaitoa polepole, midomo imefungwa, huku akivuma kama nyuki. Ni mtoto gani asiyependa kuigiza mdudu?

Hapana uchawi hapa. Mtu mwenye hofu hupumua upesi upesi, moyo ukamwenda mbio na misuli ikakakamaa. Anapoirefusha pumzi itokayo, mshipa wa fahamu uitwao vegasi, ushukao kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, huupunguza mwendo wa moyo. Isitoshe, akili iliyoshughulika na mvumo haina nafasi kubwa ya kuwaza koleo.

Najua wapo watakaoguna kwamba yoga ni ya Wahindu na haiingii katika nyumba ya Mkristo wala Mwislamu. Siwabezi. Lakini pumzi haina dhehebu. Mwenye kusita na aliache jina, atwae zoezi.

Jambo ambalo sitalikubali ni zoezi hili kufanywa badala ya ganzi. Maumivu ya kweli hayaondolewi kwa mvumo, na kumng'oa mtoto jino bila ganzi, eti kwa sababu amefunzwa kupumua, ni ukatili. Tena mtoto mwenye mafua yaliyoziba pua asilazimishwe.

Wala lisifundishwe mlangoni pa daktari, mtoto akiwa tayari anatetemeka. Na lianze nyumbani juma moja kabla, wakati wa kulala, mzazi na mtoto wakivuma pamoja mara tano au sita. Siku ikifika, lirudiwe kwenye benchi la kungojea, kwani hapo ndipo mtoto anaposikia vilio vya walio ndani. Kinywa kikisha kufunguliwa, kuvuma hakuwezekani. Basi ahesabu moyoni, moja hadi tatu akivuta pumzi puani, moja hadi sita akiitoa. Na daktari naye apatane na mtoto tangu mwanzo kwamba akiinua mkono, vyombo vitatolewa kinywani, na atimize ahadi hiyo hata kama foleni ni ndefu.