Nyumba ya malkia ambayo malkia hakuishi

Jina zuri linaweza kuficha wenye nyumba halisi. Katika mji wa Morlaix, eneo la Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ipo nyumba ya karne ya 16 inayoitwa Nyumba ya Anne. Anne alikuwa mtawala wa Bretagne, kisha malkia wa Ufaransa mara mbili kwa kuolewa na wafalme wawili. Alipita Morlaix mwaka 1505 na kufariki mwaka 1514. Nyumba hiyo ilijengwa baada ya hapo.

Nyumba za aina hii ni za matajiri waliofanya biashara ya vitambaa vya kitani, vilivyosafirishwa kwa meli kutoka bandari ya Morlaix. Ndiyo maana zimejengwa kwa ajili ya kazi na familia kwa pamoja.

Kwa nje, ukuta wa mbele ni wa mbao, na kila ghorofa imechomoza kidogo juu ya ile ya chini. Siri iko ndani. Katikati kuna ukumbi ulio wazi kutoka sakafuni hadi paani, wenye meko makubwa, na mwanga huingia kutoka juu. Vyumba viko upande wa barabarani na upande wa nyuma. Pembeni hupanda ngazi ya mzunguko ya mti wa mwaloni, na katika kila ghorofa roshani nyembamba huunganisha vyumba vya mbele na vya nyuma. Wenyeji huiita roshani hiyo pondalez. Nguzo ya ngazi imechongwa sanamu za watakatifu.

Hebu fikiria, msomaji: aliyetoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma alipita juu ya ukumbi, akionwa na walio chini. Wakubwa, watoto na watumishi waliota moto mmoja.

Si nyumba zote zilisalia. Ngazi ya nyumba nyingine ya Morlaix leo imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Imetunzwa vizuri, lakini haimpeleki mtu chumbani.

Hapo ndipo lilipo somo kwa kila familia yenye nyumba ya wazee. Kuokoa mlango au nguzo ni jambo jema. Lakini kinachoeleza jinsi watu walivyoishi ni nyumba nzima ikiwa bado imesimama mahali pake.