Kupiga Picha Majini (2): Simu Isiyoingia Maji Bado Inataka Kasha

Wiki iliyopita tuliishia pale rangi nyekundu inapotangulia kupotea kadiri mtu anavyozama. Leo tuliangalie kasha lenyewe, ambalo wengi siku hizi wanaliona limepitwa na wakati. Simu zinauzwa na alama ya IP68, wanasema, ya nini kuhangaika na dude la plastiki ngumu lenye ukubwa wa tofali? Nashikilia kwamba alama hiyo na kasha havifanyi kazi moja. Katika alama, 6 inahusu vumbi na 8 inahusu maji. Daraja la 7 hupimwa kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. La 8 huvuka hapo, ila kina na muda huvitaja mtengenezaji mwenyewe, ndiyo maana simu mbili zenye alama ileile huahidi vina tofauti. Tena hupimwa simu mpya, katika maji baridi yaliyotulia. Bahari ina chumvi na haitulii, na simu iliyokwisha kuanguka mara mbili tatu haijazibika tena kama ilivyotoka kiwandani. Wenye viwanda wanalijua hilo, na kwa kawaida waranti zao hazifidii simu iliyoingia maji.

Tuchukue mfano wa papa potwe wa kisiwa cha Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Msimu wake mzuri ni Oktoba hadi Machi, naye hujilisha karibu na uso wa maji, hata anayeogelea kwa miwani na mrija tu humfikia. Madoa yake meupe hayafanani na ya mwenzake, hivyo watafiti humtambua kwa picha ya ubavuni, nyuma ya matamvua. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kuyalinganisha madoa hayo kwa kompyuta, iliyoazimwa kwa wataalamu wa nyota. Hapo atasema mtu: kama kina chenyewe ni kidogo hivyo, si simu tupu inatosha? Haitoshi. Skrini ya kugusa ikiwa majini haitofautishi kidole na maji, na potwe hamngoji mtu abonyeze mara tano. Mfuko laini wa plastiki, ule wa kuning'iniza shingoni, ni wa bei nafuu, lakini maji huubana ukagandamana na skrini, mambo yakawa yaleyale. Kasha gumu lina vitufe halisi vinavyobonyezeka, na hapo ndipo ulipo msaada wake mkubwa kwetu, kuliko hata kuzuia maji.

Pingamizi la pili ni la nyumbani huku Singida: Mtinko na bahari wapi na wapi? Kwanza, Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye tundu la chaji hula chuma sawa na ya baharini. Pili, msafiri wa kutoka huku ana jambo ambalo maelekezo ya dukani hayamwambii. Uwanda wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake umepungua takriban sehemu moja ya sita kuliko wa pwani. Kasha lililofungwa Mtinko likifika Mafia, kifuniko hugoma kufunguka kwa sababu hewa ya pwani imekikandamiza. Wapo watakaodhani limeharibika, kumbe mpira umeziba barabara. Na hewa kavu ya kiangazi cha Singida ndiyo njema kufungia, kwani unyevu wa pwani ukipoa majini hugeuka ukungu kwenye kioo.

Anayesema kasha nalo huvuja hajakosea. Huvuja, na mara nyingi pa kutazama ni ule mpira mwembamba unaozunguka mdomo wake. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikilala juu yake, maji yamepata njia. Upanguse mpira kwa kidole, uupake grisi yake ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, kisha uweke karatasi ya tishu ndani ya kasha tupu, ulifunge, ulikandamize ndani ya ndoo ya maji kwa nusu saa. Tishu ikitoka kavu, simu iingie.