Fahamu: Kwa nini miwa hutungiwa sheria?

Kilo ya sukari inayopimwa dukani Nyambureti, wilayani Serengeti, imepitia sheria nyingi kabla ya kufika kwenye mizani.

Zilianza lini?
Mfano wa zamani ni Barbados, kisiwa kilichokuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1660, sheria iliyopitishwa London iliagiza sukari ya makoloni ipelekwe Uingereza au kwenye makoloni yake tu. Mwaka 1661 kisiwa kikatunga sheria kali ya kuwabana watumwa, ambao ndio waliolima miwa. Mwaka 1663 ukaja ushuru wa asilimia 4.5 kwa mazao yanayouzwa nje.

Kwa nini muwa?
Ukishakatwa, sukari yake huanza kupungua. Unafaa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Mahindi utayaweka ghalani ukisubiri bei, muwa hausubiri. Hivyo mwenye kiwanda ndiye mwenye kauli juu ya mkulima, na ndiyo maana sheria huhitajika.

Na leo?
Tanzania ina Sheria ya Sekta ya Sukari ya 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Sukari. Mwaka 2024, baada ya uhaba kupandisha bei, Bunge liliruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuagiza na kuhifadhi sukari. Mwaka huohuo, jirani zetu Kenya walipitisha sheria iliyorudisha Bodi ya Sukari na tozo ya kuendeleza zao hilo.

Ukitaka kulima miwa ya kiwandani, soma kwanza mkataba: nani anapima mzigo, kwa bei gani, na malipo yanatoka lini.