Mtandao Mmoja, Marika Matatu: Intaneti na Misimamo ya Kisiasa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi intaneti ilivyotoka kwenye saiba za mijini ikaingia mifukoni mwa watu kupitia simu. Leo tunalikabili swali gumu zaidi: je, intaneti humbadilisha mtu msimamo wake wa kisiasa? Na kama humbadilisha, mbona mzee na mjukuu wake, wote wenye simu mkononi, hawaioni serikali kwa jicho moja?

Tuanzie Kenya, Juni 2024. Serikali ilikuwa imewasilisha bungeni Mswada wa Fedha uliopendekeza, miongoni mwa mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Miaka yote waraka wa namna hii husomwa na wahasibu, mawakili na wabunge wachache. Safari hii vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu katika video fupi za TikTok, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Wajuzi wa kompyuta waliunda programu ya akili unde ya kujibu maswali kuhusu mswada huo. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na ujumbe ukawamiminikia waheshimiwa usiku na mchana. Katika vikao vya sauti kwenye mtandao wa X, maelfu walijadiliana hadi usiku wa manane.

Serikali iliondoa baadhi ya mapendekezo, ikiwemo kodi ya mkate, lakini moto ulikuwa umeshika. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada na 106 wakaupinga. Siku hiyohiyo vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga mswada huo waliingia Bungeni, na risasi za polisi zikaua watu. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, na Julai 11 akawafuta kazi karibu mawaziri wote.

Wengi walihitimisha kwamba intaneti ndiyo iliyowageuza vijana. Hitimisho hilo linahitaji kupimwa. Mwaka 2022, Kenya ilipofanya uchaguzi mkuu, TikTok na X, wakati huo ikiitwa Twitter, zilikuwa tayari mikononi mwa vijana. Hata hivyo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza kwamba wapigakura wa umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya waliosajiliwa, na kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.27 ikilinganishwa na 2017. Simu zilikuwepo, bando lilikuwepo, na bado wengi walikaa kando ya siasa. Kilichobadilika miaka miwili baadaye ni kwamba mapendekezo ya kodi yaligusa mkate na mafuta ya kupikia. Mfereji hauleti mvua. Huyapeleka maji yaliyokwisha kunyesha. Intaneti iliipa hasira ya vijana njia ya kupita bila kumwomba ruhusa kigogo wa chama, mzee wa kabila wala mheshimiwa yeyote.

Sasa tumtazame mzee. Aliyekuwa na miaka 60 mwaka 2024 alikuwa kijana wa miaka 18 hivi wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Alikulia chini ya redio moja, Sauti ya Kenya, na alijifunza mapema kwamba neno la siasa humponza msemaji. Baadaye aliishi ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Kijana wa miaka 20 mwaka 2024 alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne ghasia hizo zilipotokea. Wakitazama video moja ya umati barabarani, kijana huona ujasiri, mzee hukumbuka nyumba zilizochomwa. Tusimwite mzee mwoga, wala kijana mpotovu. Kila mmoja anaisoma picha kwa historia aliyoiishi.

Kati yao lipo rika la makamo, ambalo uwanja wake mkuu ni WhatsApp: kikundi cha ukoo, cha chama, cha kanisa au msikiti, cha waliosoma pamoja. Humo habari huja na uso wa aliyeituma. Shangazi akituma sauti ya mtu asiyejulikana anayetabiri vita, imani tuliyo nayo kwa shangazi huihamia sauti ile. Kumsahihisha mjomba mbele ya ukoo mzima ni utovu wa adabu, kwa hiyo uongo hupita kwa heshima. WhatsApp yenyewe ilitambua hatari hii, na Aprili 2020 ikaweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe mahali pamoja tu kwa wakati.

Utafiti wa Marekani unatusaidia hapa, ingawa nchi ile si yetu. Mwaka 2017 Levi Boxell, Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walionyesha kwamba mgawanyiko wa kisiasa ulikuwa umekua zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, ingawa wazee ndio waliotumia intaneti kidogo zaidi. Kwa hiyo mtandao pekee hauwezi kubeba lawama yote. Mwaka 2019 Andrew Guess, Jonathan Nagler na Joshua Tucker walichapisha uchunguzi wa Facebook wakati wa uchaguzi wa 2016: wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za tovuti za uongo karibu mara saba kuliko rika la vijana kabisa. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia elimu na chama. Hata hivyo, wengi wa wazee hao hawakusambaza hata habari moja ya aina hiyo.

Hukumu yangu ni hii: intaneti huunda misimamo ya kisiasa kwa kupitia mambo matatu ambayo mtu huyaleta mwenyewe, yaani kumbukumbu yake, watu anaowaamini na hali ya mfuko wake. Zaidi ya hayo, mitambo ya mitandao humrudishia kila mtu kile alichokitazama kwa muda mrefu, hivyo mzee na mjukuu hutengana zaidi kila siku ingawa wanakaa sebule moja.

Juma lijalo tutachunguza jinsi wanasiasa wanavyotumia pengo hilo. Kwa sasa nina ombi kwa pande zote. Mzee na mzazi, kabla hujasambaza ujumbe, uliza nani aliurekodi, lini na wapi. Kijana, mwulize babu yako alichokiona 1982 na 2007, na umsikilize hadi mwisho. Kisha kajisajili kuwa mpigakura, kwa sababu uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027, na video haihesabiwi kama kura.