Kuvunja Nyumba Bila Kuvunja Kitu: Neno Moja la Sheria na Kazi ya Mkalimani

Kibuli, katika Divisheni ya Makindye jijini Kampala, hujulikana zaidi kwa msikiti wake ulio juu ya kilima. Kilima hichohicho kina shule ya mafunzo ya polisi na makao makuu ya idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Kiswahili kimetumika katika polisi ya Uganda tangu enzi za ukoloni, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya nchi. Wanafunzi wetu watakaoingia katika kazi ya ukalimani hawatakosa kukutana na kosa la kuvunja nyumba usiku. Katika makala haya tunaeleza kosa hilo ni nini kisheria, na kwa nini kitenzi "kuvunja" kinaweza kumponza mtu.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilianza kutumika tarehe 15 Juni 1950. Inafanana sana na zile za Kenya na Tanzania, kwa kuwa zote zilitungwa chini ya utawala wa Kiingereza kwa kufuata kielelezo kimoja. Ili mtu apatikane na hatia ya kosa hili, upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha mambo matano.

Kwanza, kuvunja. Hapa ndipo penye mtego. Kisheria, kuvunja si lazima kubomoa ukuta wala kukata kufuli. Mtu anayefungua mlango au dirisha lililofungwa, iwe kwa ufunguo, kwa kusukuma, kwa kuvuta au kwa kuinua, amevunja. Hata mlango wa ndani, unaotoka chumba kimoja kwenda kingine, umo. Aidha, anayeingia kwa vitisho, kwa hila, au kwa kula njama na mtu aliyemo ndani, huhesabiwa kuwa amevunja na kuingia. Kwa hiyo anayebisha hodi na kujidai kuwa fundi wa umeme ili afunguliwe aibe, amevunja nyumba ingawa mwenyeji ndiye aliyemfungulia.

Pili, kuingia. Si lazima mwili mzima uwe ndani. Sehemu yoyote ya mwili inatosha, au sehemu ya kifaa anachokitumia. Anayesukuma dirisha lililofungwa na kupenyeza kijiti chenye ndoana ili avue simu mezani ameingia, hata kama miguu yake ingali uani.

Tatu, makazi. Jengo liwe linatumiwa na binadamu kama makao. Chumba kimoja cha kupanga, ambacho Kampala huitwa muzigo, ni makao sawasawa na jumba la ghorofa. Hema nalo limo, na chombo cha majini pia, ikiwa mtu anaishi humo. Duka lisilolaliwa na mtu lina vifungu vyake.

Nne, nia. Aliyeingia awe na nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani, kama vile kuiba. Kumbe si lazima aibe! Aliyekamatwa kabla ya kugusa kitu aweza kuwa na hatia kamili. Kinyume chake, mlevi aliyesukuma mlango wa jirani akidhani ni wake, akalala, hana nia hiyo.

Tano, usiku. Tendo hilohilo likifanyika mchana ni kosa jingine, ambalo kifungo chake hakizidi miaka 7. Likifanyika usiku, kikomo ni miaka 10. Usiku wenyewe hupimwa kwa saa zilizotajwa katika sheria. Nchini Kenya, kwa mfano, ni kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Mkalimani asisahau kwamba saa zetu na za Kiingereza hupishana kwa saa sita. Kosa dogo la hesabu laweza kuugeuza usiku kuwa mchana.

Sasa turudi kwenye neno. Tuchukue mfano wa kubuni. Mshtakiwa anaulizwa, "Ni kweli ulivunja nyumba?" Anajibu, "Hapana, sikuvunja. Niliusukuma tu mlango." Kwa Kiswahili cha kila siku amekana. Kisheria amekubali jambo la kwanza kati ya matano, wala hajui. Mwingine atasema, "Ndiyo, nilivunja," akikumbuka kitasa kilichong'oka alipokuwa akikimbia mvua. Huyo naye anaonekana kukiri kosa zima, ilhali nia ya kuiba haikuwapo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 28, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kutoa mwongozo katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mashtaka pamoja na vipengele vyote muhimu vya kosa yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akionyesha kwamba hakubaliani nayo, ihesabiwe kuwa amekana.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanafunzi ni huu. Mshtakiwa akisema "nilisukuma", fasiri "nilisukuma", usiseme "nilivunja" wala "sikuvunja" peke yake. Usimfundishe sheria kizimbani, maana hiyo si kazi yako. Ukiona neno la mashtaka lina maana ya kisheria isiyolingana na ya kawaida, mweleze hakimu waziwazi, naye atavifafanua vipengele, nawe uvifasiri kimoja baada ya kingine. Miaka kumi ya maisha ya mtu inaweza kutegemea kitenzi kimoja.